Wakuu, nawapimaje wanachuo wanaolaza kazi?

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, nafanya utafiti kuhusu wanachuo wanaoacha asaimenti mpaka usiku wa mwisho. Nimechukua dodoso la PASS la Solomon na Rothblum (1984), linalopima wanafunzi wanavyochelewesha kazi, maswali 44, nikalitafsiri mwenyewe. Nimelijaribu hosteli kwa watu 20, majibu vituko. Jamaa anayeongoza kwa kuchelewesha kajaza "sijawahi kabisa". Mwingine kaniuliza kama nimetumwa na ofisi ya msajili. Nimekosea wapi?

Kiporo cha Jana: Bila shaka umeandika "kuahirisha". Mkuu, chuoni kuahirisha ni kuandika barua ukakae nyumbani mwaka mzima kwa ugonjwa au ada! Huyo jamaa hajakudanganya. Andika "kuweka kiporo", au eleza tu: kazi unayo, muda unao, huianzi. Halafu mpe mtu ambaye hajaona la Kiingereza alirudishe Kiingereza, ulinganishe.

Dada Takwimu: Na usijumlishe yote 44, kosa hilo naliona kila mwaka. 18 za kwanza ni maeneo sita, kila eneo maswali matatu: unachelewesha mara ngapi, inakusumbua kiasi gani, unataka kupunguza kiasi gani. Alama ya kuchelewesha inatoka kwenye mawili ya mwanzo ya kila eneo. Zile 26 zilizobaki ni sababu, kama woga wa kufeli au kuichukia kazi yenyewe. Zichambue peke yake.

Mtoto wa Boom: Sisi ambao boom (hela ya mkopo wa chuo) halijaingia tunahesabiwaje? Asaimenti ipo, bando hakuna, hela ya kuprinti hakuna. Nayo ni uvivu?

Dada Takwimu: Hapana, na umegusa penyewe. Kinachopimwa ni kuchelewesha kwa hiari huku ukijua utaumia. Mtoa mada, ongeza swali la nini kilimzuia, la sivyo utapima umaskini uuite tabia.

Mtoa mada: Duh, hilo sikuliwaza. Na wanaojipamba kwenye karatasi?

Kiporo cha Jana: Omba ridhaa yao, kisha mwalimu akupe saa walizopakia kazi kwenye mfumo, kwa namba badala ya majina. Hata wale wa 1984 hawakuishia kwenye dodoso, walitazama pia wanafunzi wanafanya majaribio yao lini.

Mtoa mada: Shukrani wakuu. Supavaiza anataka data Ijumaa, naanza kutafsiri upya usiku huu.

Mtoto wa Boom: Usiku huu, au Alhamisi saa sita usiku? 😂