Naombeni ushauri: amoksilini imegoma kwa mtoto, nimpe dawa gani yenye nguvu zaidi?

MamaK_Igoma: Habari wakuu. Binti yangu ana miaka 3, homa siku ya tano leo, analia akikojoa. Malaria tumepima, hana. Nimempa amoksilini ya maji, wapi! Jirani anasema azuma (azithromycin) ndiyo kiboko. Mtoto wa kilo 13 anapewa kiasi gani? Duka liko karibu, nangoja jibu nikanunue.

Mzee wa Mwaloni: Pole mama. Mimi mwiba wa sangara ulinichoma mguu pale Kirumba. Nikawa nameza vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili, maumivu yakipoa naacha, yakirudi nameza tena. Nililazwa wiki mbili, sindano asubuhi na jioni. Tangu hapo bila cheti cha daktari sinunui.

NesiMstaafu: Dada, umempa siku ngapi? Nani alikuandikia?

MamaK_Igoma: Siku mbili. Homa ilishuka nikaacha, ikarudi nikampa tena.

NesiMstaafu: Chupa ilifunguliwa lini?

MamaK_Igoma: Ni ya kaka yake, alipougua mafua na kikohozi mwezi wa nne. Ilibaki nusu, nikaiweka dirishani. Jamani msinishambulie. Daktari aliandika tukaoteshe mkojo, yaani maabara waote bakteria waliomo waonekane, lakini majibu ni siku 3, na mimi alfajiri niko gengeni. Mtoto anaumia leo.

Babu Sengerema: Wazazi wa siku hizi mnapenda njia ya mkato. Daktari kaandika, wewe unamsikiliza jirani.

Nyamagana2: Hii chai. Juzi kaleta uzi kuku wake 200 wanakohoa, anaulizia tetrasaiklini. Leo mtoto. Anatafuta wachangiaji tu.

MamaK_Igoma: Kuku ni wangu na mtoto ni wangu. Homa ya mwanangu niitunge ili iweje?

Mzee wa Mwaloni: Hao kuku kama wamepewa dawa, mayai usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Wajukuu zangu wanakula mayai ya Igoma.

NesiMstaafu: Chai au si chai, yupo mama mwingine anasoma hapa. Amoksilini ya unga ikishatiwa maji hukaa wiki moja hivi, soma boksi. Hiyo ya dirishani mwaga. Na mafua ni kirusi, hata kaka yake haikumsaidia. Dozi ya kukatisha inaua bakteria wanyonge, wale sugu wanabaki na kuzaana. Azuma si dawa ya mkojo. Kuotesha ndiko kunaonyesha dawa ipi bado inawaua. Tena hungoji siku 3 mikono mitupu: wakishachukua mkojo, daktari anaweza kumwanzishia dawa siku hiyo hiyo, majibu yakitoka anabadilisha ikibidi. Usimpe antibayotiki yoyote kabla ya hapo, majibu yatadanganya. Akitapika kila kitu au akilegea, nenda usiku huu huu.

MamaK_Igoma: Asante dada. Genge nitamwachia mdogo wangu.

MamaK_Igoma: Tuko hospitali tangu saa 1. Wamenipa kikopo cha mfuniko, wamesema nimsafishe kwanza, mkojo wa mwanzo umwagike, nikinge wa katikati. Amebana, anaogopa maumivu. Namnywesha maji kidogo kidogo.