Msaada wakuu: nimechomoa betri, kioo cha dereva kinapanda halafu kinarudi chini

Kiti_cha_Mbele: Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hata usingizi sipati. Juzi nilichomoa betri nisafishe terminali, kurudisha gari limewaka vizuri ila vioo vyote vimepoteza oto, yaani ile ya kugusa mara moja kioo kinaenda chenyewe, sasa mpaka ushikilie swichi, na cha dereva kikikaribia kufunga kinarudi chenyewe chini. Fundi kasema mota imekufa. Ni kweli?

SpanaKumi: Haijafa mkuu. Umeme ukikatika kontroli, ile kompyuta ndogo inayoendesha kioo, inasahau kioo kinaishia wapi. Washa switchi ya gari kwa ufunguo, shusha kioo mpaka chini kabisa, kisha vuta kupandisha, kikigota juu usiachie, hesabu mpaka tano. Fanya hivyo kila mlango kwa swichi yake, usitumie zile za kwa dereva. Gari nyingine zinataka ushikilie na chini pia, angalia kitabu cha gari.

DadaUsukani: Mimi langu baada ya betri redio iliomba kodi, zile namba za siri za kuifungua, sina, nikakaa kimya barabarani miezi. Wanaume mnapenda kuchomoa kwanza kuuliza baadaye.

Kiti_cha_Mbele: Asante, vya abiria vitatu vimekubali. Cha dereva nakianzia katikati, bado.

SpanaKumi: Katikati kwa nini? Nimesema chini kabisa.

BabaWawili: Na msizime huko kurudi, kunalinda vidole vya watoto. Mwanangu alishabanwa na kioo cha gari la zamani, kile kilio sijakisahau.

SpanaKumi: Kiti jibu swali.

Kiti_cha_Mbele: Sawa. Siku ileile nilibandika tinti mlango wa dereva, ya zamani ilichanika. Niliambiwa nisishushe siku tatu, mi nikashusha. Kona ya juu imejikunja na gundi imebaki kwenye mpira, ukigusa inavutika kama ulimbo.

SpanaKumi: Sasa si ndo hilo! Gundi inakamata kioo, mota inalemewa, kontroli inadhani kuna mkono umebanwa, inarudisha.

Kiti_cha_Mbele: Ila mota nishaagiza na fundi nishampa advansi, gari lenyewe la zamani, si bora ifungwe tu yaishe?

Mchunguzi: Uzi wa kutunga huu. Mwanzo betri, sasa tinti, kesho atatuambia kuna mota inauzwa.

DadaUsukani: Kweli, nani anabandika mlango mmoja?

BabaWawili: Mimi nilibandika kimoja, kikatofautiana rangi na vingine mpaka leo.

Mchunguzi: Picha basi.

Kiti_cha_Mbele: Sina cha kuuza mimi, picha hiyo hapo, tazameni kona. Ningekuwa natunga ningeficha nini tena?

SpanaKumi: Picha inatosha. Futa gundi na spiriti, kata hiyo kona, pulizia mpira silikoni kidogo ndo urudie. Na mpigie fundi asifungue mlango.

Kiti_cha_Mbele: Nimefuta vitambaa viwili vimetoka vyeusi. Nimekipandisha kidogo kidogo kikagota, nikashikilia. Oto imerudi wakuu!! Fundi nampigia hapokei.