Tupeane uzoefu: tuliojifunza kuchora bila ya mwalimu, mlianzia wapi?

Mjukuu wa Kiponda

Assalaam alaykum jamani. Juzi nilikuwa nahamisha kabati la marehemu bibi, nyuma yake nikakuta madaftari yangu ya skuli. La zamani kabisa ni la 1999. Mbele hesabu, nyuma watu. Na watu wote wamesimama wima, wananitazama, mikono wameificha mgongoni. Mikono iko mgongoni kwa sababu nilikuwa siwezi vidole. Nafikiri wenzangu ujanja huo mnaujua.

Kuchora sikusomeshwa na mtu. Nilikuwa na kalamu ya risasi, HB, na katuni za magazeti ambayo mzee akirudi nayo kazini. Nikinakili. Miaka kumi nanakili. Mkono ukawa mwepesi, watu wakanisifu, lakini ukiniwekea kikombe mezani ukaniambia chora, natoa kitu kama ndoo iliyokanyagwa na gari.

Kilichonifungua ni kiza. Wa Unguja mnaikumbuka Disemba 2009, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipotufia, tukakaa hivyo mpaka Machi 2010. Miezi 3. Baada ya Isha huna la kufanya. Bibi anakaa ukumbini anasuka ukili, chemli iko kushoto kwake. Nikaanza kumchora. Mchana uso wa bibi nilikuwa naujua, kwa hivyo nilikuwa siuangalii: macho mawili, pua, mdomo, basi. Usiku ule nusu ya uso haipo. Upande wa chemli unang'ara mpaka unaona vinyweleo vya shavuni, upande wa pili umemezwa, na mstari wa pua kwa huko hauonekani kabisa. Kila nikiuchora, kwa sababu najua upo, sura inaharibika. Nikiufuta, bibi anarudi. Nilikaa nao huo mstari wiki nzima, nauweka, nauondoa.

Mchoro wa kwanza nilipomuonesha akauliza, "Huyu nani, mbona mzee hivi?" Wa pili akasema ni dada yake wa Makunduchi. Umeme umekaribia kurudi ndipo akasema, "Haya, huyu mie. Lakini pindo la kanga umelikosea."

Kosa jengine, na hili nimeliona kwenye madaftari yote mpaka la 2007, ni macho. Nikiyaweka juu, karibu na nywele. Simama mbele ya kioo na kijiti ujipime: kutoka utosini mpaka kidevuni, macho yako katikati. Siku nilipolishika hilo, watu wangu wakaacha kuonekana kama waliokatwa bongo.

Sasa nataka kusikia zenu. Kipi kilikukwamisheni, kipi kikakufungueni. Hili la kuchora vyenye roho naomba tusilivute hapa, kila mtu ana sheikh wake wa kumuuliza.

Makonyo

Waalaykum salaam kaka. Mie wa Wete, mwanamke, mama wa watoto wanne. Nyie mlipokuwa na kiza chenu sie Pemba tulikuwa na jenereta letu, kwa hivyo hichi kisomo cha chemli hakikunifika. Mwalimu wangu mie ni hina.

Nimeanza kupamba maharusi nikiwa kigori, nikimshikia somo yangu bakuli, halafu akaniachia vidole, halafu mkono mzima. Hina haina raba. Piko, ile rangi nyeusi, ndio kabisa, ikigusa ngozi ya biharusi imegusa, na mama mtu yuko hapo amekukodolea macho. Unajifunza kuvuta mstari kutoka kiwikoni mpaka kwenye kifundo kwa pumzi moja, bila ya kusita, kwa sababu ukisita unavimba na kila mtu anaona. Watu wananiuliza mistari yangu mbona imetulia. Ni hofu ya mama wa maharusi hiyo.

Lakini maua yangu yalikuwa hayapo duniani. Ua la hina lina petali tano kwa kuwa tano zinajaa vizuri mgongoni mwa kiganja. Miaka 20 nachora maua, sijapata kulitazama ua.

Msimu mmoja tuko jamvini tunachambua karafuu, huku makonyo (vile vijiti vyake), huku karafuu, nikaishika moja nikaigeuza. Jamani, nimezaliwa ndani ya karafuu, nimesomeshwa kwa karafuu, na siku ile ndio kwanza naiona. Kile kichwa cha duara ni petali zenyewe zimefumbana. Chini yake vijino vinne vimekishika, kama vidole vinne vilivyoshika gololi. Vinne! Nikachukua bahasha ya khaki nikachora hapo hapo, vidole vinanuka karafuu mpaka karatasi ikanuka. Tangu hapo nikawa nachuma moja moja na kuichora kila hali: mbichi ya kijani, ile iliyoanza kuwiva wekundu, iliyofunguka ikatoa nyuzi (hiyo tajiri hataki hata kuiona), na kavu. Nna 60 na kitu sasa.

Kilichonikwamisha ni kivuli. Hina ni mstari, haina kivuli. Nikichora karafuu inatoka kama stempu, imelala bapa. Ilinichukua miaka 2 kukubali kulaza kalamu ubavuni nikapaka polepole badala ya kuzungushia mstari. Mpaka leo nikichoka, mkono unarudi kwenye hina.

Twiga wa Gizenga

Makonyo umenichekesha na hilo la miaka 20. Mie nilianza kinyume na nyote: nilianza kuuza kabla ya kujua kuchora.

2005 nimemaliza skuli, kazi hakuna, binamu yangu akanitia kwenye duka moja la picha Mji Mkongwe. Tingatinga. Kwa wasiojua, ni mtindo wa Dar, Edward Said Tingatinga aliuanza miaka ya 60 mwishoni kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, yeye akafariki 1972, jamaa zake na wanafunzi wakaendelea, na wageni wakaupenda mpaka ukavuka bahari kuja kwetu. Rangi ni ile ya kopo ya mafuta, inayong'aa. Unapaka usuli kwanza, unauacha ukauke, halafu mnyama, halafu madoa. Mie nilikuwa wa twiga. Asubuhi nawapanga ubao sita kwa pamoja: shingo sita, halafu miguu ishirini na nne, halafu madoa mpaka magharibi.

Unguja hakuna twiga. Nimechora twiga miaka tisa na sijamuona.

2014 nikapanda basi la Mbeya, barabara inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na pale pembeni twiga watatu. Shingo haikunishangaza. Kilichoniua ni mgongo. Mgongo wa twiga umeteremka, kutoka mabegani unashuka kuelekea mkiani kama paa la banda. Mie miaka yote nilimpa mgongo wa meza! Na wageni wamenunua, wameenda kutundika kwao. Nikacheka peke yangu, jirani yangu garini akadhani mgonjwa.

Niliporudi nikanunua daftari lisilo mistari, siku za mapumziko nikawa nakwenda msitu wa Jozani kuchora kima punju. Wale wamezoea watu, wanakaa karibu, lakini hawatulii. Ukimaliza mkia, kichwa kimeshahama mti. Hapo nikajifunza kuchora haraka: mstari wa mgongo kwanza, pale uzito ulipo, mengine yakipatikana yapatikane. Kurasa nzima za migongo tu. Siku moja nikapata mmoja amekaa anakula majani, nikamchora mpaka mikono, nikajiona nimefika. Kijana anayetembeza wageni akaangalia begani kwangu akasema, "Ami, huyu umempa dole gumba. Punju hana gumba." Nikatazama vizuri. Kweli hana, pana kinundu tu. Nilimpa mkono wangu.

Lakini mtu asije akaidharau tingatinga mbele yangu. Rangi nilizonazo leo, kujua njano ipi inasimama juu ya buluu ipi, nimezitoa pale.

Pweza Mkavu

Mie wa vyombo. Kwetu kaskazini, Nungwi, majahazi yanaundwa ufukweni, nimekua nayaona. Kuona si kujua, kama mlivyosema.

Nilichora jahazi, nikaona zuri, nikampelekea mzee mmoja fundi, amekaa kivulini anakula muhogo. Akaliangalia sana, mie nasubiri sifa. Akasema: "Hili halifiki hata Tumbatu." Akaanza. La kwanza, mlingoti nimeusimamisha kama wa bendera ya skuli, na mlingoti wa jahazi umeinamia mbele. La pili, tanga limevimba kuelekea kulia, na moshi wa jiko la mabaharia nimeupeleka kushoto. "Pepo mbili?" akaniuliza. La tatu, foromali, ule mti unaobeba tanga, nimeichora nyembamba ncha mpaka ncha kama mpini wa jembe, na yeye akaninyooshea moja iliyolazwa mchangani: miti imefungwa pamoja kwa kamba, katikati nene.

Nilichukia, nitakuwa muongo nikisema sikuchukia. Nilikaa wiki mbili sikupita njia ile. Halafu nikarudi na daftari, nikawa namuuliza kabla ya kuchora. Alikuwa hajui kushika kalamu ya risasi yule mzee, na hakuna aliyenifundisha kuchora zaidi yake.

Fleti ya Tatu

Mimi nitakuwa mfupi. Aliyeshindwa na ule mpango wa vitu kuwa vidogo kwa mbali aende Michenzani. Yale majumba marefu yaliyojengwa miaka ya 70 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki watu huyaita mabaya, lakini kwa mchoraji ni kitabu. Kaa kwenye kona ya jumba, tazama safu za madirisha. Zile za juu ya macho yako zinateremka, za chini ya macho yako zinapanda, zote zinakwenda kukutana nukta moja. Ile safu iliyo sawa na macho yako ndiyo imelala sawasawa. Halafu panda ghorofa ya tatu uchore tena: nukta imepanda na wewe.

Mie nilianza na vichochoro vya Mji Mkongwe, nikapoteza miaka. Kule kuta zimepinda, njia inakata kona kila hatua kumi, kila nyumba ina nukta yake. Anzia Michenzani, Mji Mkongwe utakuja baadaye.

Mjukuu wa Kiponda

Fleti, nimekwenda jana baada ya kazi. Watoto wamenizunguka kumi na kitu, mmoja akataka kujua nataka kununua jumba. Lakini nimeiona hiyo safu iliyolala sawa. Ahsante yakhe.

Pweza, mzee wako ningempata mie nikiwa na miaka 15, daftari la 1999 lisingekuwa na watu wasio mikono.

Chaki Moja

Nasoma tu nawaonea wivu. Mie niliacha. 2011 nimeoa, nikapata kazi ya zamu bandarini, kalamu nikaweka chini miaka 9. Nimerudi kwa sababu ya simu, mwanangu alikuwa na programu ya kuchorea kwa kidole, nikajaribu namna ya mchezo. Nilidhani mkono umekufa. Mkono ulikuwa umepooza kweli, mistari inatetemeka, lakini jicho lilikuwa limekua lenyewe. Niliona makosa yangu haraka kuliko zamani, na hiyo inaumiza, maana unayaona na huwezi kuyarekebisha.

Sasa nimechoka na kioo cha simu, nataka karatasi. Nauliza mawili. Kalamu laini, zile 4B na 6B, duka la hapa mtaani wananiambia HB ndio ya mwisho. Na michoro yangu ya zamani imetoka madoa ya kahawia yote, nifanyeje?

Makonyo

Madoa yakishaingia hayatoki, usiyasugue. Hiyo iliyobaki salama iondoe ukutani, ukuta wetu wa chokaa unavuta maji, masika ndio balaa. Mie nalaza bapa ndani ya sanduku la bati, juu ya meza, na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu navikusanya natia humo. Kila jua likitoka nafungua. Kalamu laini namuagiza mtu anayetoka Dar.

Mjukuu wa Kiponda

Wakati unasubiri za Dar, tengeneza mkaa wako. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, litoboe tundu moja dogo kwa msumari. Jaza vijiti vikavu, vilivyonyooka, unene wa kalamu, umevimenya maganda, vibane visichezecheze. Funga, lifukie kwenye makaa ya moto. Tundu litatoa moshi, moshi ukikatika basi, litoe uliweke pembeni. Unapata mkaa mweusi tii, laini, unapaka kwa kidole, unafuta kwa tonge la mkate. Ukimaliza picha usiiguse, itabaki mikononi.

Na kopo usilifungue likiwa la moto. Liwache mpaka asubuhi. Mie mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikalifungua, vijiti vikashika moto vyote mbele ya macho yangu, na bibi yuko pale na ukili wake anasema, "Si nimekwambia."