Wauza visu vya moto Kisumu, hizo wati 100 mnaandika kwa boksi mlizipimia wapi??

Wadau mnisamehe, leo naandika na hasira. Mimi nashona mabegi hapa Kisumu upande wa Kibuye, mengi ya shule, na saa zingine mikanda ya laifu jaketi watu wa Dunga wakileta. Miaka yote nimekata mkanda na makasi halafu nachoma mwisho na mshumaa, kazi ya kobe, na ikiwa mkanda ni mweupe unabaki na masizi mteja anakuuliza kama begi lake limetoka jikoni. Nikasema wacha ninunue kile kisu cha stima, kinakata na kinaziba nyuzi hapo hapo zisifumuke.

Nikaingia duka moja la vifaa huku tauni, jina silitaji. Kijana akatoa boksi limeandikwa wati 100, eti "omera hii ni ya kiwanda, inakata kila kitu hata turubai." Akachomeka, tukangoja dakika kama tatu, akakata kipande cha mkanda mweusi mbele yangu, ikapita kama kidole kwa ugali moto. Nikatuma 3,800 kwa M-Pesa nikatoka hapo napiga mluzi.

Kumbe ujanja wote ulikuwa kwa huo mkanda wake. Kile kipande nilikuwa nimekiweka mfukoni, kufika kwa nyumba nikakitupa kwa beseni ya maji kikaelea. Ya kuelea hiyo ni polipropilini wadau, ile nyepesi ya bei ya chini, inayeyuka kwa digrii 165 hivi, hata pasi ya nguo ikishika vizuri inaiyeyusha. Mikanda yangu ni polista, inazama, na hiyo mpaka ufike karibu 250 na zaidi ndio iachie. Nailoni nayo kuna aina inayeyuka 220 na ingine karibu 260. Sasa wewe unanionyesha na polipropilini halafu unaniambia kila kitu??

Nikajaribu polista ya inchi mbili. Ikaingia mpaka katikati ikakwama. Kuvuta, nyuzi zinavutika kama mrenda. Nikakandamiza, nikangoja, zaidi ya nusu dakika kwa mkato mmoja, na juu ya kuchelewa hivyo ukingo unarudi nyuma unakuwa kidonge kigumu cha kahawia, hakipiti kwa klipu, na mtoto akivaa hilo begi kinamkwaruza shingo. Nilianza kujilaumu mwenyewe. Nilikuwa nakatia juu ya mabati na mabati yanakula moto wote, nikatafuta kioo cha dirisha la zamani nikaweka chini, nikasugua bleti ya kisu na brashi ya shaba maana plastiki ikiganda hapo moto haupiti. Ikawa afadhali kidogo, mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu ikakwama tena. Tone likaniangukia kwa kidole gumba likashika ngozi, nikakaa na mkono kwa maji ya bomba dakika 20 bila kulibandua (ukilivuta linatoka na ngozi, hiyo nilijifunza zamani).

Jirani yangu ni fundi wa redio. Nikampelekea, akachomoa kwa stima, akaweka mita kwa miguu ya plagi, ikasoma omu 960, yaani jinsi waya wa ndani unavyozuia stima. Akachukua kalamu, akasema stima yetu ni volti 240, na wati unapata hivi: 240 mara 240 ni 57,600, gawanya kwa hizo omu 960. SITINI. Wati 60 bana! Ni solda ya kawaida, ile ya kuunganishia nyaya za redio, imevalishwa bleti ikawekwa kwa boksi ya kung'aa. Na sina shida na wati 60, kwa utepe na kitambaa chepesi inatosha kabisa, si useme tu ni 60 na uuze bei ya 60.

Nikarudisha siku hiyo hiyo. Majibu niliyopewa ni eti nimeitumia vibaya na waranti haihusu bleti chafu. Bleti imechafuka kwa sababu nilikata, au nilinunua ya kutundika ukutani?

Na hiyo ya turubai ndio imeniuma zaidi, kwa sababu kuna mtu atamwamini. Zile turubai nzito za plastiki ya PVC ukizikata na moto moshi wake unatoa asidi, ile ya haidrokloriki, inachoma koo na hata vyuma vyako humo ndani vinaanza kushika kutu. Hiyo ni ya makasi ama wembe tu. Huyo kijana anaiuza na tabasamu.

Kama kuna mtu Nakuru ama hapa Kisumu ameona kisu chenye kidude cha kupunguza na kuongeza moto, na amekijaribu na polista nene, si utepe, aniambie duka. Mimi kesho saa tatu narudi pale na fundi, mita yake, na roli yangu ya polista. Akate yeye, wateja wakiona.