Mashine ya mahudhurio: taa za 850 au 940, ipi salama kwa macho?

BiAmina_Tanga: Habari zenu wakuu. Shule yetu inanunua mashine ya mahudhurio, nimebaki na mbili. Moja inasoma mboni ya jicho (ile duara yenye rangi) kwa taa za infraredi, mwanga usioonekana, zenye wimbi la nanomita 850, nyingine inasoma uso kwa 940. Walimu wawili wamefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na wana hofu. Nichukue ipi?

FundiMwanga: 940 ina nafuu. Zote mbili zinafika kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ila IEC 62471, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taa kwa macho, kinaipa 850 uzito wa hatari wa karibu 0.5, na 940 karibu 0.33. Lakini Bi Amina, kikubwa ni umbali. Chukua taa nne, kila moja miliwati 200 kwa steradiani (kipimo cha upana wa mwale). Ukisimama sentimita 20, jicho linapata wati 20 kwa mita ya mraba. Kwa sentimita 10, wati 80. Ukisogea hadi 5, ni 320! Kikomo cha kuangaza konea (kioo cha mbele ya jicho) na lenzi zaidi ya sekunde 1000 ni wati 100. Kwa sekunde 10 kinapanda kupita 3000. Mwalimu anayepita hapo mara moja hana shida.

Mzee_Saketi: Naitetea 850. Kwenye macho ya kahawia iliyokoza kama yetu, melanini (ile rangi ya giza) humeza mwanga wa kawaida na michirizi ya mboni haionekani vizuri. Infraredi ya 700 hadi 900 ndiyo inayoionyesha. Halafu gizani 850 ina wekundu hafifu, unajua taa inawaka.

FundiMwanga: Mzee, kwenye mboni nakubali. Wekundu huo lakini haumlindi mtu: infraredi haimfanyi apepese wala tundu la mboni kusinyaa. Na mlango ukielekea jua, 940 inasumbuliwa kidogo, kwa sababu mvuke wa maji angani hunyonya sehemu ya jua la wimbi hilo.

Nesi_Kisauni: Mtoto wa jicho wa infraredi ulijulikana kwa wapuliza vioo na watu wa tanuru, waliokaa miaka mbele ya joto kali. Hao walimu lenzi ya asili imeshatolewa, cha kulinda ni retina; wamuulize daktari aliyewapasua. Mimi namhofia zaidi fundi anayefungua kifuniko na kuchungulia taa zikiwaka.

Juma_CCTV: Ulizeni pia kama ni LED au leza. Baadhi ya mashine za uso zinatumia leza, hapo kiwango ni IEC 60825-1, cha usalama wa leza, na iwe Daraja la 1, yaani salama kwa matumizi ya kawaida.

BiAmina_Tanga: Asanteni sana. Nimewaandikia wauzaji wote wawili. Wa 850 ametuma brosha tu. Wa 940 ametuma ripoti ya IEC 62471: ni LED, kundi lisilo na hatari, na taa zinawaka mtu akisogea tu. Tunachukua hiyo, na fundi nimeshamwambia azime umeme kabla ya kuifungua.