Binti anataka udaktari, baba anasema CBG ni sayansi tu. Nani alitakiwa kumwelekeza?

Mjomba Kahama
Wakuu habari za jioni. Matokeo ya kidato cha nne yametoka na kwa dada yangu nyumba imegawanyika. Binti yake kapata divisheni 2, na tangu yuko darasa la tano anasema atakuwa daktari. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B, Jiografia C. Baba anasema tuingie kwenye mfumo wa Tamisemi unaopanga watoto kidato cha tano tubadilishe machaguo tuweke CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), sayansi ni sayansi. Mama anataka aende chuo moja kwa moja. Binti mwenyewe analia tu. Nikamuuliza hivi shuleni hakuna mtu aliyewahi kukaa na nyie akawaeleza hizi kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, zinaelekea wapi? Anasema mwalimu aliingia mara moja, siku ya kujaza Selform (fomu ya machaguo), akaandika kombi ubaoni wakanakili, basi. 2024 tahasusi, ndizo hizo kombi, zimetolewa kutoka 16 zikafika 65, kama 16 tu hatukuelezwa, hizi 65 mtoto wa kijijini atazijulia wapi? Naomba tujadili, hii kazi ni ya shule au ya mzazi? Mimi nasema ya shule, tena ianze kidato cha pili, kabla mtoto hajaacha Fizikia akidhani anapunguza mzigo kumbe anafunga mlango.

Nondo za Mtaa
Ya mzazi. Unamwachiaje mwanao mwalimu ambaye hata yeye ualimu hakuuchagua, alikosa pointi za kozi aliyoitaka akaangukia huko? Na mshukuru binti hajakimbilia HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), hao ndio tunawaona na digrii zao wanaendesha bodaboda.

Ticha wa Kata
@Nondo mimi ualimu niliuchagua. Kidato cha sita nilikuwa na divisheni 1 na nikajaza ualimu chaguo la kwanza, mama yangu shahidi. Nafundisha Hisabati vipindi 28 kwa wiki, shule nzima walimu wa Hisabati tuko wawili, na juu ya hapo nimepewa ushauri nasaha. Ofisi ya ushauri hakuna, naongea na watoto chini ya mwembe, mmoja mimba, mwingine kafukuzwa na baba wa kambo, sasa huyo wa kombi anafika saa ngapi? Hujawahi kushika chaki halafu unakuja kusema tuliangukia.

Nondo za Mtaa
Sijasema wote. Ila ukweli unauma.

HKL Damu
Ngoja kwanza, hilo la HKL limepita hivi hivi? Nimesoma HKL, nimesoma sheria, nimewatetea mahakamani watu waliokuwa wanataka kunyang'anywa viwanja vyao. Jirani yangu kasoma PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), mwaka wa nne huu anasubiri ajira. Tatizo lenu mmekaririshwa tangu utoto kwamba asiyeweza sayansi ni kilaza, na walimu wenyewe ndio wanaotugawa, wenye akili huku, wengine kule.

Kliniki Ndogo
Mleta mada, CBG haimpeleki MD (digrii ya udaktari). Vyuo vinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Akienda CBG atakuja kushtuka miaka miwili baadaye.

Boda Mwenye Leseni
Mimi sina digrii ila naendesha hiyo bodaboda mnayoifanya mfano wa kufeli. Wanangu watatu wanasoma kwa hiyo pikipiki. Kila mada ya elimu humu lazima mtu atutaje sisi kama shimo ambalo watoto wenu wanatumbukia. Mkipata mgonjwa saa nane usiku mnampigia nani?

Nondo za Mtaa
Boda sikukutukana wewe, naongelea mtu aliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali miaka mitatu halafu kazi aliyoipata haikuhitaji hata siku moja ya chuo. Huo mkopo analipaje? Hilo ndilo jambo.

Boda Mwenye Leseni
Umeandika "tunawaona". Mlikuwa mnaona nini, aibu?

Mama Pacha
Jamani tuheshimiane. Mimi nipo upande wa mzazi lakini mzazi yupi? Mimi niliishia la saba. Mwanangu alipomaliza nilimpa kijana wa steshenari elfu tano, yeye ndiye aliyemchagulia kozi, akaniambia mama hii ina soko. Mtoto yuko mwaka wa pili na hajui anasomea nini. Sasa mkisema ni kazi ya mzazi mnanisema mimi, na mimi nilitoa nilichokuwa nacho.

Mwana wa Kisumu
Huku Kenya kundi la kwanza la Grade 10 limeingia Januari 2026 na njia ni tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Mtoto anachagua akiwa Grade 9. Nilichoona mtaani kwetu ni wazazi kupigania jina la shule tu, masomo yakawa ya mwisho. Kwa hiyo hata mkibadilisha mfumo, kama hakuna wa kuketi na mtoto mtarudi hapo hapo.

HKL Damu
Umeona @Nondo? Hata Kenya sayansi ya jamii wameipa njia yake kamili. Nasubiri uniambie mwanasheria ni kilaza.

Ticha wa Kata
Na mimi bado nasubiri uombe radhi kwa walimu.

Nondo za Mtaa
Siombi. Mdogo wangu aliambiwa na mwalimu wake aache Kemia kidato cha tatu kwa sababu "hutaiweza". Leo ana miaka 26 analipia masomo ya jioni arudie mtihani huo huo wa Kemia. Nani alimwomba radhi yeye? Ndiyo maana nasema mzazi asimame mwenyewe, asimwamini mtu.

Ticha wa Kata
Pole kwa mdogo wako, huyo mwalimu alikosea. Ungeanza na hilo tungeongea vizuri tangu juu.

Mjomba Kahama
Nilikuwa safarini, nimesoma kurasa zote sasa hivi. @Kliniki Ndogo hilo la CBG hakuna aliyetuambia, si shuleni wala kwa mtu wa steshenari. Shemeji alikuwa anabadilisha kesho asubuhi. Kwa hiyo PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) tunaiogopa kwa hiyo D ya Fizikia, CBG haimfikishi, ndoto imekufa?

Kliniki Ndogo
Haijafa. Diploma ya utabibu inapokea D ya Fizikia ili mradi Kemia na Baiolojia nazo zipo na anafikisha ufaulu wa masomo manne bila dini. Ni miaka mitatu, akitoka na GPA (wastani wa alama) nzuri anaomba MD kutokea huko, mimi ndiyo njia niliyopita. Hisabati na Kingereza kapata ngapi? Vyuo vya MD huwa vinaviangalia hata ukitokea diploma.

Mjomba Kahama
Ngoja nimpigie.