Naomba ushauri: nijitangaze mufilisi deni la Bodi ya Mikopo life?

NdiziMbivu (Moshi): Wakuu, nadaiwa na Bodi 9,800,000 za mkopo wa masomo. Mshahara wa msingi 800,000, kila mwezi nakatwa 210,000. Nasikia ukitangazwa mufilisi deni linafutika. Naanzia wapi?

MzeeKiborloni: Mwanangu, dawa ya deni kulipa. Hela hiyo inasomesha wadogo zako.

Tarakea: Mzee, kauliza njia. Ufilisi upo, Sheria ya Ufilisi Sura ya 25. Unapeleka maombi Mahakama Kuu na orodha ya mali na madeni yote, kisha mali zinaondoka mikononi mwako. Watu wanachanganya na nchi za nje, na hata huko si rahisi. Canada deni la mwanafunzi halifutwi mpaka ipite miaka 7 tangu aache masomo. Uingereza mikopo ya serikali ya wanafunzi haiguswi na ufilisi.

DadaUsaRiver: Tatizo ni waajiri. Wanakata, hawapeleki!

HesabuKali: Uzi wa kutunga huu. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ya 800,000 ni 120,000. Hiyo 90,000 ya juu imetoka wapi?

NdiziMbivu: Sijatunga. 90,000 ni ya saccos. Nilimdhamini kaka, kakimbia, wananikata mimi.

HesabuKali: Na mali unazo?

NdiziMbivu: Kihamba tu, shamba la ukoo. Mwezi uliopita nilimwandikisha mdogo wangu, bure. Ni cha baba, siwezi kuacha kiende. Wakili nimeshampa 300,000, anasema hakuna shida.

Tarakea: Shida ipo hapo hapo, ndugu yangu. Kugawa mali bure ukijua unakwenda kujitangaza mufilisi, mahakama inaweza kutengua, na kuficha mali ni kosa la jinai. Utapoteza kihamba ulichotaka kukiokoa.

Deni la Bodi si adui yako mkubwa. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani iliondolewa 2021, kwa hiyo haliumuki tena. Kwa 120,000 ni miezi kama 82. Omba taarifa ya deni kwa namba yako ya kidato cha nne, uiweke kando ya slipu za mshahara mwezi kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Mwezi uliopo kwenye slipu lakini haupo kwenye taarifa, peleka nakala ofisi ya kanda Arusha. Dada UsaRiver ana hoja.

Saccos, waandikie barua kuomba muda mrefu zaidi, rejesho lishuke. Tunza kila risiti: mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai aliyekopa, hata akiwa kaka.

NdiziMbivu: Wakili nimwambie nini sasa?

Tarakea: Mtafute kwanza kwenye e-Wakili ya Mahakama, orodha ya mawakili mtandaoni. Jina lisipotokea, kadai 300,000 yako kesho asubuhi.